Mgonjwa Aliyeharibu Mchoro

Chuoni, ghorofa ya tatu
3 Februari

Kaka Sindano,

Shikamoo. Bahasha yako imefika salama na gari la maabara, imepigwa muhuri kila pembe utadhani umenitumia dhahabu. Nimeifungua mbele ya mkuu wa kitengo kama utaratibu unavyotaka: namba tu, hakuna jina hata moja. Na kwa kuwa mambo ya wagonjwa hayaruhusiwi kwenye simu, na simu yako inasikilizwa na wodi nzima, nakujibu kwa kalamu.

Sasa kaa kwenye kiti. Hesabu yangu imekubali! Wagonjwa wote wa kliniki yako wanaoishi na VVU, wale ulionitumia vipimo vyao, nimewapitisha kwenye milinganyo yangu mmoja mmoja, na mstari unapita juu ya nukta zao bila kuyumba. Niliwaambia watu wa hapa tangu mwaka juzi kwamba itakubali, wakanicheka. Leo hakuna anayecheka. Mkuu wa kitengo amesimama nyuma ya kiti changu akasema "Hm," na yule mzee akisema "Hm" ujue amefurahi mpaka basi.

Uliniomba nikueleze kwa lugha ya watu ili nawe uwaeleze wenzako. Haya. Zamani walidhani mtu mwenye VVU asiyeumwa, kirusi chake kimelala. Wapi! Kila siku kirusi kinaua chembe za kinga ziitwazo CD4 bila huruma, na kila siku mwili unazaa nyingine karibu idadi hiyohiyo. Ukipima leo na ukipima mwezi ujao unapata namba ileile, unasema kumetulia. Ni kama kuchungulia stendi ya mabasi: asubuhi watu mia mbili, mchana watu mia mbili, lakini si walewale. Kazi yangu ni kujua wanaingia kwa kasi gani, wanatoka kwa kasi gani, na dawa inafunga mlango upi. Nikishajua hayo, nakutabiria CD4 za mgonjwa wako za mwezi wa sita kabla hujamchoma.

Anayenikera ni mmoja tu, namba kumi na saba. Chembe zake za CD4 ni mia sita na arobaini, namba ya kupendeza. Lakini asilimia yake, yaani katika chembe mia za kinga ni ngapi zilizo CD4, imeshuka kutoka ishirini na mbili hadi kumi na mbili. Haiwezekani. Wenzake wenye asilimia kumi na mbili wana mia na themanini hivi, basi. Ama mashine yenu imechoka, ama kuna mtu anaandika namba huku anapiga soga. Simtaji, ila namfahamu. Nikagulie tafadhali.

Msalimie Baba. Kila nikimpigia ananiambia "mzima wa afya" kisha anakata, kama anayelipia yeye.

Mdogo wako,
Bi Mahesabu


Hospitalini, chumba cha vipimo
17 Februari

Bi Mahesabu,

Marahaba, na hongera sana. Nimewasomea wenzangu ule mfano wa stendi, na muuguzi mkuu amesema hatimaye kuna mtu wa chuo anayeongea kama binadamu. Usivimbe kichwa lakini, mlango wa ofisi yako utakushinda.

Kuhusu kuandika namba huku napiga soga: ebo! Mdomo wangu na mikono yangu ni idara mbili tofauti. Namba kumi na saba nimemtoa damu upya mwenyewe, nikapima, nikarudia. Mashine haina neno. Namba ni zilezile.

Ngoja nikueleze yasiyokuwemo kwenye karatasi. Huyu mtu anakonda. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Ana vidonda kinywani, chai ya vuguvugu anaimeza amefumba macho. Dawa hajaacha hata siku moja, hilo naliapia. Daktari wetu anatazama ile mia sita na arobaini anasema kinga iko vizuri, atakuwa na jambo lingine, dawa zisiguswe. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kingemaliza ubishi, lakini mashine ya karibu imeharibika tangu mwaka jana, na kupeleka damu maabara ya mbali kunataka daktari aandike sababu. Sababu ataitoa wapi wakati namba inang'aa? Kama dawa zimeshindwa kazi, tutakuja kujua akiwa kitandani hajiwezi. Na mimi ni muuguzi, siwezi kumbadilishia mtu dawa kwa sababu ya tundu la mkanda.

Kwa hiyo mtazame tena. Nakuomba.

Baba anakusalimia sana.

Kaka yako,
Sindano


Chuoni
3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimemtazama tena, na tena, na tena. Nimejaribu kumfanya mtu aliyechelewa kuanza dawa, nikamfanya mtu mwenye maambukizi mengine, nikamfanya mtu anayekudanganya kuhusu vidonge (usinune, ni kazi). Hakubali. Kila nikiupeleka mstari kwenye chembe zake unaikimbia asilimia, nikiupeleka kwenye asilimia unazikimbia chembe. Mtu gani huyu?

Nakueleza wazi, mwezi ujao nasimama mbele ya jopo kutetea kazi hii, na wale watu wakiona nukta moja imekaa pembeni watainyooshea kidole hiyohiyo mpaka saa ya chai. Mkuu wa kitengo ameniambia nimtoe. Kanuni inaruhusu: mgonjwa ambaye vipimo vyake vinagombana vyenyewe kwa vyenyewe anaachwa nje, unaandika mstari mmoja chini ya ukurasa, maisha yanaendelea. Sioni ubaya. Hafi kwa kutolewa kwenye mchoro wangu.

Kwa hiyo gari lijalo nitumie fomu ya kumwondoa, ukiwa umesaini. Mengine yote shwari. Nimenunua viatu vya kusimamia mbele ya jopo, vinabana, lakini vinaniongezea urefu na ujeuri.

Bi Mahesabu


Hospitalini
17 Machi

Mdogo wangu,

Fomu sisaini.

Umeandika hafi kwa kutolewa kwenye mchoro. Nimeisoma sentensi hiyo nimesimama dirishani, nikaikunja barua nikaitia mfukoni, nikaenda kuosha vifaa vilivyokuwa tayari visafi. Umenikasirisha na nakuambia kwamba umenikasirisha. Wewe ndiye pekee unayeona kwamba hizi namba zake zinagombana. Hapa kwetu hakuna anayeliona hilo, wanaona mia sita na arobaini basi. Ukimtoa, ndiyo kwisha habari, hakuna mtu mwingine duniani mwenye sababu ya kumuuliza swali.

Unajisifu tangu utotoni kwamba hakuna fumbo linalokulaza njaa. Ulikuwa unatukera mezani kwa hesabu zako, na sisi tukikuvumilia kwa sababu ulikuwa unapata. Sasa pata hili. Sikutumii namba nyingine yoyote mpaka unijibu, na ukitaka kunishtaki kwa mkuu wako wa "Hm," nishtaki.

Wiki hii amepanda ngazi za kliniki akapumzika katikati, akajifanya anasoma tangazo la ukutani. Ni tangazo la chanjo za watoto wachanga.

Kaka yako


Chuoni
31 Machi

Kaka, Kaka, Kaka!

Shikamoo, na ukae tena kwenye kile kiti.

Barua yako ilinichoma, nikakaa siku nzima nakutukana kimoyomoyo. Kisha nikamrudisha namba kumi na saba mezani. Nikajisemea: hebu nikubali kwamba muuguzi hajakosea, mashine haijakosea na mgonjwa hajadanganya. Wote wakweli. Basi anayekosea ni mimi. Nikawa sina pa kujificha!

Sikiliza. Damu unayoitoa ni sehemu ndogo tu ya stendi. Chembe nyingi za kinga haziko kwenye damu kabisa, zimepumzika kwenye tezi na kwenye bandama, zinaingia na kutoka. Milinganyo yangu ina milango ya kupitia kwenda huko, na milango hiyo niliiweka sawa kwa watu wote. Kwa nini nisingefanya hivyo? Kila mtu ana tezi, kila mtu ana bandama. Juzi nikauziba mlango wa bandama kwa namba kumi na saba peke yake, kwa hasira tu, nione atafanya nini. Mstari ukapita juu ya nukta zake zote! Chembe na asilimia, zote mbili, toka mwanzo hadi mwisho. Nilipiga yowe, mtu wa chumba cha pili akaja na kizimamoto.

Maana yake ni hii. Mgonjwa wako hana bandama. Aliumia au aliugua, wakaitoa, pengine miaka mingi nyuma. Chembe ambazo zingekuwa zimepumzika humo zinabaki zikizunguka kwenye damu, unazihesabu, unafurahi. Ile mia sita na arobaini ni ya uongo, Kaka. Ya kuamini ni asilimia, na asilimia inasema kinga yake ni ya mtu mwenye mia na themanini, na inashuka. Dawa zake hazifanyi kazi.

Nimeambatanisha barua rasmi kwa daktari wako, mkuu wa kitengo ametia saini. Mwambie amvue shati mgonjwa atazame tumbo upande wa kushoto. Akikuta kovu la kisu, aandike hiyo sababu na damu iende maabara ya mbali leo hii, asisubiri kesho. Nina uhakika kama ninavyojua nimevaa viatu vinavyobana.

Usinitajie ni nani, taratibu unazijua. Niambie tu kama nimepatia. Nimepatia, lakini niambie.

Bi Mahesabu, tena kwa herufi kubwa


Hospitalini
14 Aprili

Mpendwa dada,

Barua rasmi ilipokelewa na kukabidhiwa kwa daktari. Mgonjwa namba kumi na saba alichunguzwa. Kovu lipo. Bandama ilitolewa zamani, baada ya ajali kazini. Haikuwa imeandikwa kwenye faili la kliniki kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Damu ilipelekwa. Majibu yamerudi: virusi ni vingi sana, dawa za awali zimeshindwa. Ameanzishiwa dawa mpya tangu Jumatatu. Daktari anasema tumewahi, ila kwa kuponea chupuchupu.

Ahsante kwa kazi yako.

Kaka yako


Chuoni
28 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Jopo limepita. Nimesimama mbele yao saa nzima, wakauliza, nikajibu, namba kumi na saba akiwa katikati ya mchoro mahali pake. Wamesema yeye ndiye anayeifanya kazi yangu iwe na maana. Ningepaswa kukuandikia kurasa sita za majigambo.

Lakini nimeisoma barua yako mpaka imelegea mikunjo. Haina utani hata mmoja. Wewe, ambaye ulitania hata kwenye barua ya kuomba kazi. Hukuniita Bi Mahesabu. Hukuandika Baba anakusalimia. Na umeandika "ajali kazini."

Nilikuwa darasa la pili fundi umeme mmoja alipoanguka kutoka juu ya nguzo. Nakumbuka tulikaa kwenye benchi la hospitali, wewe ukanifunika masikio daktari alipokuja kuongea na Mama, na mimi nikasikia hivyohivyo: wametoa kitu tumboni, upande wa kushoto.

Usinijibu. Narudia, usinijibu, nisije nikakufukuzisha kazi. Wasio na bandama ni wengi na mimi sijui kitu. Ila nimemwendea mkuu wa kitengo nikamwambia naamini ninamfahamu mgonjwa mmoja, na faili la namba kumi na saba limehamia kwenye meza ya mwenzangu. Sitaliona tena. Hakusema "Hm." Alinipa kiti.

Nimelia, Kaka. Nimelia kwa hasira, kwa kuwa ulilibeba jambo zito hivi peke yako miezi yote, na mimi nakuandikia habari za viatu. Kwa Baba sitasema neno. Nitapiga simu, ataniambia mzima wa afya, nitamwambia vizuri, Baba. Yake ataniambia mwenyewe akitaka.

Mdogo wako


Nyumbani
9 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua hii nimempa kaka yako aiweke kwenye gari la maabara. Amesema gari hilo si la barua za wazee, kisha akaiweka.

Mama, nina jambo, na nitalisema haraka kama mtu anayetoa mwiba. Mimi naishi na VVU. Ni mwaka wa tatu sasa. Usiniulize niliupataje, ni baada ya mama yenu kufariki, na ni mambo ya mtu mzima. Kaka yako usimlaumu. Nilimwambia akikueleza sitamtambua, na akaniapia akiwa amekunja uso kama tulipomnyang'anya baiskeli.

Wengine wote nisingewajali. Wewe ndiye niliyekuogopa. Najua unafanya hesabu za ugonjwa huu huko chuoni, nawaringia watu mtaani. Nikawaza, akijua, hataniona mimi tena. Kila akinitazama ataona namba.

Sasa kisa kilichonibadilisha. Mwaka huu nilikuwa nakwisha. Nguo zilinivaa mimi. Daktari ananiambia kinga nzuri, nami najisikia kaburi linaniita kwa jina. Siku moja ananiambia vua shati. Anaangalia kovu la ile ajali ya nguzo, anatikisa kichwa. Anasema kuna mtaalamu wa hesabu mbali huko, hajawahi kuniona, hajui jina langu wala sura yangu, ameandika kwamba sina bandama na dawa zangu zimekufa. Kwa namba tu! Mwanangu, niligeuka nikatazama dirishani kama kuna mtu anachungulia.

Wakanibadilishia dawa. Leo nakula. Vidonda vimekauka. Jana nimepanda ngazi za kliniki bila kusoma matangazo. Nimeongezeka uzito mpaka jirani ameniuliza kama naoa.

Basi nikakaa nikafikiri: kama mtu baki ameniona mpaka ndani ya tumbo na hakunidharau, akanipigania, mimi namficha mwanangu kitu gani? Ndiyo nimeandika.

Nimemwomba daktari jina la huyo mtaalamu nimshukuru, amesema ni siri. Lakini nyie watu wa hesabu si mnajuana. Ukikutana naye, nisaidie, mpe mkono. Mwambie yule mzee yuko hai.

Baba yako


Chuoni
23 Juni

Baba yangu,

Shikamoo.

Ahsante kwa kuniambia. Barua yako nimeisomea kwenye korido, nimesimama, sikuweza kusubiri kufika mezani.

Kaka alikulinda mpaka mwisho, hakuniambia neno. Nawe umesema ukweli wote, kwa hiyo nami nakuambia wangu, kama ulivyotoa mwiba. Uliogopa nitakuona namba. Ulikuwa namba, Baba. Ulikuwa kumi na saba, na ulikuwa unaniharibia mchoro, na nilikuwa nimeshachukua kalamu nikufute. Nikaandika kwamba kukufuta si kitu. Kaka alikataa kusaini. Ndiyo nikakutazama vizuri mpaka nikakuona.

Huyo mtaalamu ni mimi.

Mkono wako sitampa mtu yeyote. Nakuja Jumamosi kuuchukua mwenyewe.

Mwanao